Bakuli la Zuhura

Usiku ule nililala nimenuna. Bakuli la Zuhura nilikuwa nimelisugua hadi likang'aa, nikaliweka tupu karibu na mlango, ili kukipambazuka nimpelekee kabla lori la kumhamishia Dodoma halijaondoka. Kwetu Tanga chombo cha jirani hakirudi kitupu. Hata kama huna kitu, utatia chumvi au ndimu mbili. Kumrudishia mtu chombo kitupu ni kumwambia tumemalizana, na hilo ndilo nililokusudia.

Zuhura ni rafiki yangu tangu tunacheza kombolela. Nimemlelea wanawe, naye kanilelea wangu. Nilipomwoza binti yangu, nilimtuma shangazi apite nyumba kwa nyumba kualika, na nyumba ya Zuhura nikamwambia airuke. Mtu wa nyumbani haalikwi. Yeye ndiye wa kwanza kuja na ungo wake kuchambua mchele. Basi nikamngoja siku ya mchele, nikamngoja siku ya harusi, hakutokea. Baadaye nikasikia anawaambia watu kwamba mtaa mzima ulialikwa ila yeye. Nikasema moyoni, kama mpaka aalikwe, basi hanijui. Tangu hapo tukipishana njiani kila mtu anatazama upande wake. Iliniuma, sitasema uongo.

Sijui usingizi ulinichukua saa ngapi. Nilimwona Bibi, mama yake mama, aliyefariki kabla sijaolewa. Amekaa jikoni kwangu juu ya mbuzi ya kukunia nazi, kanga ameifunga kifuani kama zamani. Sikushangaa wala sikuogopa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu," akaitikia, kwa utani wake uleule wa kunigombania na Babu.

Anakuna, na nazi inaanguka ndani ya bakuli la Zuhura, lakini bakuli halijai. Anazidi kukuna, na bado nayaona maua ya buluu yaliyochorwa chini yake. Nataka kumwambia bakuli hilo si letu, ila tayari hatuko jikoni. Tuko uani, zile siku za harusi, wanawake wamekaa mkekani wanachambua mchele. Katikati yao pana nafasi ya mtu mmoja, na ungo umewekwa hapo peke yake. Bibi anautazama.

"Mwenye ungo huu yuko wapi?"

"Nilimngoja, Bibi. Hakuja."

"Ulimwita?"

"Mtu wa nyumbani haitwi."

Bibi ananishika mkono, na mkono wake una unyevu wa tui. Tunaingia nyumba yake ya zamani, ile iliyokwisha kubomolewa. Ni jioni. Babu anafika mlangoni, kofia mkononi, na Bibi anamwambia, "Karibu." Nyumba ameijenga Babu mwenyewe, lakini anasimama kizingitini mpaka akaribishwe, na akishakaribishwa anatabasamu kama bwana harusi. Kisha Bibi anageukia uani anatuita, mimi na ndugu zangu, mmoja mmoja kwa jina, tuje tule. Harufu ya samaki imeshatuleta mlangoni zamani, tumekaa hapo tunangoja tu kuitwa. Najiona mdogo, magoti yana vumbi, naona raha kulisikia jina langu.

Hapo Bibi akazungumza, bila kuinua sauti.

"Mwadhini anawaita watu wa mtaa wake kila siku. Unadhani anaona wamesahau msikiti ulipo?"

Akaniwekea bakuli mikononi. Lilikuwa zito, ingawa halina kitu.

"Mwite," akasema.

Nikaamka mashavu yamelowa. Adhana ya alfajiri ilikuwa inaendelea, nikakaa kitandani nikaisikiliza mpaka mwisho. Niliona aibu. Lakini aibu haipiki, nikainuka nikakanda unga wa chapati.

"Unampikia nani saa hizi?" mume wangu akauliza kutoka chumbani.

"Karibu jikoni, baba watoto, uje uonje."

Alikuja mbio, mtu ambaye siku zote namwekea chai mezani bila neno. Nikamwangalia anavyokula, nikajua nina kazi kubwa zaidi ya bakuli moja.

Nilipofika kwa Zuhura na bakuli lake limejaa chapati, lori lilikuwa limepakiwa nusu. Mwenyewe alikuwa amesimama barazani. Aliponiona akageuza uso. Miguu yangu ilitaka kurudi, sikuiruhusu.

"Zuhura, nimekuja kukualika."

"Harusi si ilishapita?"

"Imepita, na nafasi yako haikukaliwa na mtu. Nilikuona wa nyumbani, nikadhani kukualika ni kukufanya mgeni. Nisamehe. Sasa nakualika kwa mdomo wangu. Idi mje mle kwangu, wewe na watoto wote."

Akazitazama zile chapati, mvuke bado unatoka.

"Siku ile nilivaa," akasema. "Nilikaa hapahapa barazani nimevaa, nangoja hata umtume mtoto."

Nilimkumbatia, bakuli katikati yetu, tukalia mpaka wapakiaji wakaanza kukohoa. Alikula chapati moja akiwa amesimama, zilizobaki akazifunga kwenye kanga kwa ajili ya safari. Kisha akaingia ndani na bakuli. Alipotoka lilikuwa limejaa ndimu za mti wake wa uani, akanikabidhi.

"Bakuli si lako hili?" nikamwuliza.

"Langu," akasema, akipanda lori. "Utaniletea Dodoma. Na usiniletee tupu."