Giaboksi, Shingo ya Twiga na Mbuzi Watatu

Mimi ndiye mtu wa kwanza upande wetu wa Kanyangi kurudi kutoka ng'ambo na diploma ya ufundi wa mitambo, na sikuipata kwa hisani ya mtu. Nilisoma asubuhi na kuosha vyombo hotelini jioni, miaka mitano, katika baridi ambayo waliobaki nyumbani hawaijui hata kwa kusimuliwa. Nayasema haya mapema ili anayesoma ajue ni nani aliyekuwa amelala chini ya pikapu wiki ile, mchanga machoni, huku ndugu yake mkubwa akimcheka.

Pikapu niliinunua Emali mwaka uleule niliorudi, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Haikumaliza miezi minne. Jumatatu moja, nikitoka Kitui mjini, giaboksi ilianza kulia, kisha gia zikakataa moja baada ya nyingine. Nilipofika sokoni Kanyangi ilikuwa imebaki gia ya kurudi nyuma peke yake. Basi nilienda nyumbani kinyumenyume, karibu maili mbili, shingo imepinda, soko zima limesimama kutazama.

Ndugu yangu alikuwa amekaa kwenye kibanda chake cha kuchongea, hapo karibu na lango letu. Aliinua tezo yake kunipungia.

"Kumbe ng'ambo wanaendesha hivi," akasema. "Sisi tulikuwa hatujui. Karibu, Diploma."

Tangu nirudi tulikuwa hatusemezani ila kwa kuchomana. Wiki yangu ya kwanza nyumbani nilimwambia ukweli: kwamba mtu mzima mwenye ndevu kukaa chini kuchonga twiga wa kuuzia watalii si kazi, ni kupitisha wakati. Hakunisamehe, na mimi sikuomba anisamehe.

Shida ni kwamba wiki hiyo niliwahitaji wote wawili, yeye na pikapu. Jumamosi ilikuwa siku ya ntheo yangu. Kwetu Ukambani, kabla mbuzi wa ntheo hawajapokelewa kwa wazazi wa mwanamke, huyo mwanamke si mke wako, hata mkilala kitanda kimoja miaka kumi, na mtoto atakayemzaa ni wa baba wa huyo mwanamke. Wangu tulikuwa tayari tunaishi pamoja, na alikuwa na ujauzito wa miezi saba. Baba mkwe, mzee wa reli aliyestaafu kule Makindu, hakunipenda tangu siku ya kwanza. Alikuwa ameahirisha mara mbili. Mara hii alituma neno kwamba mbuzi watatu wafike Jumamosi kabla ya saa sita, tena wafike kwa hilo gari ninalojivunia, la sivyo atakuja kumchukua binti yake azalie kwao. Na mbuzi hao kijana hawapeleki peke yake. Baba yetu alikuwa amefariki, kwa hiyo wa kuwatanguliza na kusema alikuwa ndugu yangu mkubwa. Alikubali kwa heshima ya marehemu. Kwangu hakuwa na heshima ya kutoa.

Kila mtu aliniambia nikodi gari. Lakini nilikuwa nimemwambia yule mzee, mbele ya watu wake, kwamba gari langu likiharibika silipeleki kwa fundi, kwa sababu fundi ni mimi.

Jumanne nikaanza. Nililaza gunia chini ya pikapu, nikafungua bolti, na kwa sababu sikuwa na winchi nilipitisha kamba kwenye tundu la mkono wa gia, nikaifunga kwenye nguzo niliyoilaza ndani kutoka dirisha hadi dirisha, nikaishusha giaboksi polepole mwenyewe. Hakuna aliyenifundisha hilo chuoni. Nilipoifungua, oili ilitoka nzito kama uji. Aliyeniuzia alikuwa ameshindilia vumbi la mbao ndani ili meno yaliyoliwa yasipige kelele.

Ndugu yangu alikuja, akachukua kidogo kwa vidole, akanusa.

"Msonobari," akasema. "Umeuziwa mbao, Diploma. Hata mimi nauza mbao, lakini mnunuzi namwambia ni mbao."

Jumatano nilikwenda Emali. Aliyeniuzia pikapu hakuonekana, lakini kwa wavunja magari nilipata giaboksi nyingine, nikaikagua jino kwa jino, na pleti mpya ya klachi. Nilirudi nazo juu ya lori la vitunguu.

Alhamisi ndipo nilipokwama. Giaboksi ina shafti inayochomoza mbele, nayo lazima ipite katikati ya pleti ya klachi. Pleti hiyo, kabla haijakazwa, huning'inia tu. Ukiikaza ikiwa imekwenda upande kwa upana wa ukucha, shafti haiingii. Chuoni kulikuwa na kifaa chake, kipande cha chuma kinachofanana na shafti yenyewe: unakitia, unakaza, unakitoa, kazi imekwisha. Kilikuwa kinaning'inia ukutani, na hatukuwahi kukiwazia. Kanyangi hakikuwapo. Nilijaribu kwa macho mara nne. Mara zote nne giaboksi ilipanda, ikaingia, ikasimama ikiwa imebaki upana wa kidole kimoja. Nilisukuma kwa miguu hadi mgongo ukachubuka. Kutoka kibandani nilisikia tezo ikigonga, tok, tok, tok, na kila nilipolaani ilinyamaza kidogo, kama inayosikiliza.

Mchana ndugu yangu alipokwenda sokoni, niliingia kibandani kwake. Twiga walikuwa wamesimama kwa safu, karibu thelathini, na shingo zao zilikuwa na unene uleule niliouhitaji. Nilichukua msumeno, nikakata shingo moja. Niliipima kwa kalipa yangu, nikaichonga kwa kisu. Iliingia kwenye pleti vizuri kabisa. Nikakaza bolti zote sita. Nilipoivuta, ikavunjika, nusu mkononi mwangu na nusu ndani.

Alinikuta nikiitoa vipandevipande kwa bisibisi. Alikuwa amembeba twiga asiye na shingo kifuani, kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa.

"Ni wewe?"

"Ni mti tu," nikasema. "Nitakurudishia mti."

"Mti mbichi, mjinga wewe! Hawa nimewasimamisha wakauke. Mti mbichi ukibanwa unavimba. Hilo hawakukufundisha, na nauli yote ile ya ndege?"

"Tafuta mtu mwingine wa kutukana."

"Na wewe tafuta mtu mwingine wa kupeleka mbuzi."

Akaondoka. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Hakuja upande wangu.

"Leo ni Alhamisi," akasema. "Nyinyi wawili mtanizalisha Makindu. Mimi nitazaa mtoto wa baba yangu kwa sababu ya kipande cha kuni."

Kisha akaenda kibandani. Sijui alimwambia nini. Ijumaa asubuhi ndugu yangu alikuja akasimama karibu na miguu yangu, maana sehemu yangu nyingine ilikuwa chini ya gari.

"Toka huko," akasema. "Nitakuchongea. Lakini kwanza useme mbele ya huyu shemeji yangu kwamba hii ni kazi."

Nilitoka. Nilijipangusa mikono muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Nilimtazama mke wangu, na tumbo lake, na pikapu iliyokaa juu ya mawe kama kitanda kibovu.

"Ni kazi," nikasema.

"Ya nani?"

"Ya fundi."

"Sikusikia."

"Ya fundi! Unataka niimbe?"

Nilimpa vipimo nilivyoviandika, hadi sehemu ya kumi ya milimita. Aliikunja karatasi akaitia nyuma ya sikio bila kuisoma. Alikwenda kwenye giaboksi mbovu, akaizungushia shafti yake uzi wa katani, akaubana kwa dole gumba mara mbili tatu, akarudi kibandani na uzi wake. Alichukua kipande kikavu cha muhugu, ule mti mgumu wa wachongaji, kilichokaa kibandani miaka mingi. Saa moja haikuisha. Kile kijiti kiliingia, nikakaza, kikatoka bila sauti. Giaboksi ilipanda mara moja tu ikagonga mahali pake. Bolti nilizifunga mimi. Propela, ile shafti ndefu ya kwenda magurudumu ya nyuma, niliirudisha mimi. Hilo lijulikane.

Jumamosi tulifika Makindu saa nne na nusu, gia zote zikiingia, mbuzi watatu nyuma. Baba mkwe hakutusalimu kwanza. Aliizunguka pikapu, akainama na goti lake bovu, akachungulia chini.

"Hii giaboksi ni nani alifunga?" akauliza.

Kwa desturi yetu, siku hiyo mwenye kuoa hafungui mdomo. Husemewa. Niliuma meno. Ndugu yangu alijua kwamba anaweza kusema lolote, nami sitajibu.

"Amefunga yeye," akasema. Kisha akatia mkono kwenye koti, akatoa kile kijiti cha muhugu, akakiweka kwenye kiganja cha mzee. "Mimi nilichonga tu."

Mzee alikigeuza, akakinusa, akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue, na alicheka naye, si nami. Mbuzi walipokelewa kabla ya saa sita. Mtoto alizaliwa Kanyangi, na ni wangu.

Kijiti kile ndugu yangu alikataa kuniachia. Alisema nikikihitaji nitajua lango liko wapi. Miaka miwili baadaye nilinunua mashine ya kukereza, nikajitengenezea changu cha chuma. Kimenyooka kuliko chake. Nimekipima.

Lakini yule twiga asiye na shingo hakumtupa, wala hakumchoma. Hadi leo amesimama mbele ya kibanda chake, hapo langoni, mahali ambapo kila mgeni wangu lazima apite, na ndugu yangu hangoji mgeni aulize.