Mpiga Piano Mwenye Utepe Mweupe

Kabla ya kuketi kwenye piano, yule mama hubandua kifuani utepe mweupe wa chama cha kupinga pombe, akaufutika ndani ya glavu. Idella, mkata tiketi wa sinema, humtazama kila jioni akipiga bila karatasi, macho kwenye pazia la picha, vidole vikikimbizana na vituko vya picha bubu: akina mama wa utepe wakivunja mapipa ya wiski kwa miavuli, na ukumbi mzima hauna mbavu. Yeye hata tabasamu hatoi. Lakini Jumamosi moja, mlevi wa kwenye picha alipoporomoka ngazi za nyumbani kwake, piano haikunguruma kama kawaida. Ilipiga wimbo wa kubembeleza mtoto, taratibu, mpaka kicheko kikakatika.

“We mama, umesinzia?” mtu akafoka. “Tupigie ya kuanguka!”

Watu walipotoka, Idella akamsogelea. “Mama, leo wamekuudhi, eh? Kila siku kuwacheka nyinyi tu.”

“Wala, mwanangu. Hata mimi nacheka moyoni.” Akaurudisha utepe kifuani, akaulainisha kwa kidole gumba. “Ila yule wa kwenye ngazi hajui kulewa. Mume wangu alikuwa anavua viatu kwanza, asiwaamshe watoto.”