Mawe Yanayohama

Mke wangu alikuwa fundi wa kushona. Miaka thelathini na moja kwenye cherehani ile ile, chumba cha mbele, mlango wazi. Wateja wakimsubiri walitazama samaki.

Tangi alilipata kwa mteja aliyehama. La kioo, refu kama kitanda cha mtoto. Mimi ni mwashi. Nikaikagua sakafu, nikamwambia itabeba. Akaenda, akarudi na samaki wa maziwa makubwa, wale wenye rangi kali na roho mbaya.

"Mbona hukuchukua wapole?" nikamuuliza.

"Mpole ninaye mmoja, ananitosha."

Mawe aliyaokota mwenyewe. Mengi aliyatoa kwenye viwanja nilivyokuwa najenga. Akija kuniletea chakula, anaondoka na jiwe ndani ya kapu. Vibarua wangu walimwita Mwizi wa Kifusi, naye akiitwa hivyo anaitika. Jiwe alilolipenda zaidi lilikuwa jeusi, lenye mshipa mweupe.

Alipoyapanga, nilishindwa kuyatazama. Yalikaa ovyo. Hakuna jiwe lililofunga jingine.

"Niache niweke saruji kidogo," nikamwambia. "Kazi ya nusu saa."

Akanipiga kofi mkononi. "Hapa si kwenye ukuta wako, baba watoto. Haya yanahama."

Yalihama kweli. Kila akileta samaki wapya alibomoa kila kitu, akapanga upya. Aliyekuwa na pango lake halioni tena. Anazunguka, anatafuta, hana nafasi ya kumpiga mgeni. "Wote wawe wageni siku moja," alisema. Na wageni aliwachagua kama anavyochagua uzi wa nguo ya mtu. Samaki wale humchukia zaidi anayefanana nao, kwa hiyo wa buluu hakumletea wa buluu. Wawe wa kimo kimoja. Wasiwe na mapezi marefu ya kuburuza. Na hakuleta mmoja peke yake hata siku moja. Alileta wanne, watano, ili mkali akigawa hasira yake, kila mmoja apate kidogo.

Mwaka jana akaugua. Miezi minne ya kwenda na kurudi hospitali. Mara moja tukiwa huko umeme ulikatika siku mbili, pampu ya hewa ikasimama. Tulipofika nyumbani walikuwa wamebaki wawili. Jemadari, dume la buluu lenye milia. Na Limau, jike la manjano, kipenzi chake.

Kitanda tukakileta chumba cha mbele. Siku moja akataka mawe yapangwe. Mikono ilikuwa yangu, kidole cha kuonyesha kilikuwa chake.

"Hilo kushoto. Aa, kushoto kwangu mimi. Wewe umejengaje nyumba za watu?"

Lile la mshipa mweupe tuliliweka juu kabisa. "Nikipata nguvu tutawaletea wenzao," akasema. Wiki ile ile akafariki.

Basi, sikutaka mtu aguse mawe yale. Binti yetu alipokuja kuosha tangi nilimwambia apanguse kioo tu.

Lakini Jemadari alikuwa amebakiwa na mtu mmoja wa kumpiga. Pango lilikuwa lake, mchanga wake, maji yote yake. Limau alijibanza nyuma ya bomba la pampu, juu, mkia umechanika.

"Baba, atamuua," binti akasema. "Mpe mtu mmoja wao."

"Siwatenganishi."

"Basi watafutie wenzao. Mama alisema."

Nikaenda dukani. Muuza samaki alimwita mke wangu dada, kwa hiyo mimi ni shemeji yake, na hanionei huruma. Nikamwonyesha samaki wadogo wenye mapezi kama shela.

"Nipe hawa. Wapole. Wamfundishe adabu."

"Shemeji, hicho ni kitoweo unampelekea."

Nikashikilia. Kesho yake nikarudi peke yangu.

"Vipi, wamemfundisha adabu?"

"Wamemfundisha kushiba."

Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akanichagulia kwa makini. Wawili wa kahawia wenye doti, mmoja mweupe, na ngogo mmoja, yule wa madoa anayekaa chini na mwenye miiba mgongoni.

"Hawa wamezaliwa kwenye vurugu," akasema. "Ila mawe uyahamishe kwanza. Unajua?"

"Najua."

"Utayahamisha?"

"Nitayahamisha."

Nilimdanganya. Nikawamimina mawe yakiwa vile vile.

Jemadari alitoka pangoni kama mwenye nyumba aliyesikia mtu uani. Hakuuliza. Mweupe alipoteza magamba ya ubavu mmoja. Wa kahawia wakakimbilia juu, kwenye kona ya Limau, naye akasukumwa nje. Hapo Jemadari akamkuta. Binti alikuwa anakata mchicha. Alinisikia nikipiga kelele, akaja na kisu mkononi.

Tukawatoa wageni, tukawaweka kwenye ndoo. Limau alilala juu ya mchanga, kiubavu. Shavu likipanda na kushuka.

"Baba, mama alikuwa anayahamisha mawe."

"Najua."

"Sasa?"

"Ndivyo alivyoyapanga yeye."

Binti akainama kumtazama Limau. Kisha akasema, "Yeye angekuwa ameshayabomoa mara tatu."

Nikakunja mikono ya shati. Nikaanza na lile la mshipa mweupe. Lilikuwa limeota utelezi wa kijani. Nikaliweka kwenye sinia. Nikatoa la pili, la tatu, mpaka ukabaki mchanga mtupu, na Jemadari katikati, hajui aende wapi. Nilikaa chini kidogo. Binti hakunitazama, akajifanya anabadilisha maji ya ndoo.

Kisha nikajenga. Nilipomaliza, binti alikaribia kioo, akaziba mdomo.

"Nini?"

"Baba, umewajengea choo."

Nikatazama. Kweli. Kona mbili, mstari umenyooka, kila jiwe limefunga lenzake. Akacheka, nami nikacheka. Nyumba ile ilikuwa haijasikia kicheko tangu msiba.

Nikabomoa tena. Safari hii niliyaacha mawe yaanguke yanavyotaka. Ilikuwa kazi ngumu kuliko ukuta wowote niliowahi kujenga. Lile la mshipa mweupe likaangukia pembeni, likaacha upenyo chini yake. Nililiacha hapo hapo. Tukampa Jemadari chakula kwanza, tukarudisha wageni wote kwa pamoja, tukafunika tangi kwa kitambaa cheusi cha bitana kutoka kwenye kapu la cherehani la mke wangu.

Alasiri nikafunua. Jemadari alikuwa bado anatafuta nyumba. Alichungulia tundu kubwa, akamkuta ngogo ndani na miiba yake, akarudi kinyumenyume. Akamfukuza wa kahawia, akamchoka, akamfukuza mwingine. Limau sikumwona. Nilitafuta nyuma ya bomba. Nikatafuta juu ya maji, wanakoelea samaki waliokufa.

"Pale," binti akasema.

Limau alikuwa chini ya lile jiwe la mshipa mweupe. Kichwa nje. Nikadondosha punje moja ya chakula. Akatoka, akala, akarudi.

Wiki iliyopita shemeji muuza samaki alipita kuwaona. Alisimama mbele ya kioo, mikono nyuma. Mkia wa Limau umeshaota.

"Nani amepanga mawe haya?"

"Mimi."

"Yamekaa ovyo, shemeji."

"Yamekaa kama ya dada yako."

Akainama kulitazama lile la mshipa mweupe. Kisha akaniuliza kama chakula cha samaki bado kipo.