Mchora Mabango na Alama Nyekundu

Kila mtu sokoni alimwita Herufi, hata mkewe. Kwa miaka thelathini ndiye aliyechora mabango ya maduka ya barabara ile: kiatu kwa fundi viatu, mkasi kwa kinyozi, na jino lenye mizizi mitatu kwa daktari wa meno, ambalo watoto waliliogopa kuliko daktari mwenyewe. Kisha zikaja mashine za kuchapa mabango ya plastiki. Duka la vitambaa likawa duka la simu. Kinyozi akahama, pakawa duka la simu jingine. Wiki zilipita bila mtu kumpa Herufi kazi.

Alasiri moja karani wa halmashauri alimletea orodha. Barabara ilikuwa inapanuliwa, na majengo ya kando yangebomolewa.

"Kila jengo lililomo humu, piga alama ya X, nyekundu. Anza kesho asubuhi. Na usimwambie mtu, hatutaki vurugu."

Herufi alikubali mbio mbio, kwa njaa ya kazi. Orodha aliisoma alipofika nyumbani. Namba kumi na nne ilikuwa chumba cha kushonea cha dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki.

Akasukuma sahani kando, akamwonyesha mkewe.

"Kamwambie," mkewe alisema.

"Nikimwambia, mtaa mzima utajua kabla ya chai. Unajua dada hana kifua."

"Haya. Basi ataambiwa na brashi yako."

Asubuhi alianza kupiga alama. Mwenye duka la kwanza alimchangamkia: "Leo umenikumbuka! Unanipigia rangi?" Herufi akapiga X mlangoni. Alipofika mlango wa sita, kundi la watu lilikuwa nyuma yake, wengine wakimlaani. Yeye macho yalikuwa kwenye mlango wa dada yake, ambao ulikuwa bado umefungwa. Kwenye namba nane akauona unafunguliwa. Aliweka kopo chini, akakimbia.

Dada alikuwa anatia uzi kwenye sindano.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Hiyo damu mikononi ni ya nini?"

"Ni rangi." Akamweleza yote, amesimama, akihema.

Dada aliiweka sindano chini. "Umejua tangu lini?"

"Jana."

"Jana saa ngapi?"

"Alasiri."

"Alasiri! Mdogo wangu, umeniacha nikate nguo za harusi ya watu usiku kucha, na chumba hakipo?"

Herufi akatoka. Alimrudishia karani orodha na kopo. Haikusaidia kitu; kabla ya adhuhuri mchoraji mwingine alishaimaliza barabara, namba kumi na nne ikiwemo. Siku hiyo Herufi aliibeba meza ya kukatia mgongoni, halafu cherehani, halafu majora ya vitambaa, hadi chumba cha uchochoroni nyuma ya soko.

Huko wateja hawakufika. Herufi akaomba ruhusa kona kwa kona, akachora mishale: "Mshonaji, huku." Wakaanza kuja, mmoja mmoja. Ila dada, akiudhika, bado humwita "bwana Alasiri."

Juzi watu wawili wenye utepe wa kupimia walionekana uchochoroni. Herufi alikwenda moja kwa moja kumwambia dada yake, hata kabla ya kuwauliza wanapima nini.