Mama Alipofunga Kwenda Mlimani

Likizo ya Aprili niliipanga safari yetu, mimi, dadangu na Mama, kama mtu anayejiandaa kwa mtihani: Mama aje kwangu jijini, treni hadi Nanyuki, kisha tupande polepole upande wa Meru mpaka penye theluji. Mambo ya mlima nilijifunza mwenyewe kwa simu, na bado niliota nimekosea mahali. Mama amelima kahawa Githongo maisha yake yote akiutazama ule weupe kutoka shambani. Alitaka kuushika, mara moja tu.

Kwenye treni alikataa chai. Kambini akakataa supu.

"Anaogopa choo cha huku," dadangu akacheka.

Nilidhani ni uchovu. Asubuhi, theluji ikionekana majabalini juu yetu, Mama aliketi ghafla kwenye nyasi. Midomo ilikuwa imekauka, maneno yanajikokota.

"Huyu anashuka," mwongozaji wetu akasema. "Akianza kuyumba hapa, hatungoji."

"Sishuki."

"Mama, umekunywa maji lini?" nikauliza.

Alitazama pembeni. "Nimefunga. Tangu tupande treni. Wazee wetu waliuomba mlima huu wakiwa mbali, wamesimama. Mimi niingie ndani kabisa na tumbo limejaa chapati?"

Nikiri: kilichonipanda kwanza kilikuwa hasira. Nilikuwa nimepanga mpaka soksi zake, na sikuwahi kumwuliza anaendea nini huko juu. Kisha nikaitazama tena midomo ile iliyokauka, nikaogopa kweli.

"Basi omba sasa, kisha ufungue, unywe. Tafadhali."

Aliomba kwa Kimeru, maombi marefu ya kanisani, huku mwongozaji akitazama ukungu ukitujia. Akanywa maji ya sukari. Tukangoja.

"Bado dunia inazunguka," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo.

Dadangu akajitolea kukimbia juu amletee theluji kidogo kwenye chupa.

"Ya kuletewa? Si hata friji ya duka ina barafu!"

Tukageuka. Aliniegemea uzito wake wote, nami nikawa nasikiliza kila pumzi, nikihofia kwamba inayofuata haitakuja. Tuliposhuka kwenye miti, maneno yake yakaanza kunyooka. Akamkaripia dadangu kwa kutofunga zipu.

Kwenye kibanda karibu na lango la hifadhi aliagiza mayai na chai ya maziwa. Nilimtazama akitafuna, machozi yakanitoka nisiweze kuyazuia.

"Wewe," dadangu akasema, "acha kuharibia watu chakula."

Mama akanisogezea yai moja. Akaendelea kula.