Alama ya Uso

Mtaani walimwita Mama Usicheke, na jina lenyewe alilichuma kwa jasho. Miaka ishirini alipiga picha za pasipoti katika studio aliyoachiwa na marehemu mumewe, na kila aliyeketi mbele yake aliambiwa neno moja: "Usicheke." Ofisi ikiona meno, picha inarudi.

Kamera ya zamani ilipokufa, mkamwana wake alimletea ya kidijitali, pamoja na kitabu cha maelezo. Kitabu kilikuwa na lugha kumi na mbili, Kiswahili hakimo, hivyo mtoto wa watu alikaa juma zima akikitafsiri kwenye karatasi kwa mkono wake. Mama Usicheke alipokea vyote kwa mikono miwili na moyo nusu. Tangu lini mkamwana akampenda mkwewe bure? Tena alishamsikia akisema mahali pale pangefaa saluni. Kikulacho ki nguoni mwako. Karatasi akazisukumia kwenye droo bila kuzisoma, akaikagua kamera mwenyewe. Juu palikuwa na kigurudumu chenye alama: mlima, ua, mtu anayekimbia, uso. Pasipoti ni uso. Akachagua uso.

Balaa likaanza. Mteja anakaa, anakaza sura kama alivyoagizwa, mama anabonyeza, kamera kimya. Anabonyeza tena, kijitaa chekundu kinamkonyeza tu. Jumatatu waliondoka wateja wawili, Jumanne wanne, wote wakavuka barabara kwa mpinzani wake. Jumatano fundi viatu mmoja aliketi apigwe picha, akapiga chafya, akajicheka, na kamera ikafyatuka yenyewe bila kuguswa. Mama Usicheke alirudi nyuma hatua mbili. Kumbe! Hii imetumwa. Studio ikifa, saluni inaingia.

Akampigia mkamwana simu. Binti alipofika benchi lilikuwa limejaa watu, na mama hakungoja hata salamu.

"Umeniletea kamera ya kunifungia studio! Unadhani mimi mtoto? Jasho la mume wangu unataka kulibandika vioo vya saluni!"

Mkamwana aliweka mkoba wake chini. Akaichukua kamera, akatazama kigurudumu.

"Mama, umeweka alama ya tabasamu. Hapa haipigi mpaka mtu acheke. Niliandika, ukurasa wa nne."

"Na saluni je? Hukusema hapa pangefaa saluni?"

"Nilisema pale jirani, mama. Kile chumba kitupu."

Akaiweka kamera mezani taratibu, akachukua mkoba wake, akatoka. Hata mlango hakuubamiza, na hilo ndilo lililouma zaidi.

Mama Usicheke alifungua droo. Ukurasa wa nne: "Mama, uso unaocheka usiuguse kabisa. Wateja wako nawajua." Mtu mmoja kwenye benchi alijikohoza. Akafunua wa tano: "Hapa ni kuweka jina la studio kwenye kila picha. Nimeshaliweka la marehemu baba. Tafadhali usilifute."

Aliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Akawaacha wateja wameketi, studio wazi, akatoka mbio, kandambili moja ikabaki mlangoni.

"Mwanangu!" aliita, na mtaa mzima ukasikia. "Mwanangu, nisubiri!"

Mkamwana alikuwa ameshafika kona. Hakugeuka.