Nilifuta asili ya mtu aliyenilea ugenini, sasa ananiomba nimtafutie aliyeifuta

Admin, ukiipandisha habari hii usiweke hata herufi ya kwanza ya jina langu. Ofisini kwetu Waswahili tuko wawili tu, na mwenzangu anaufuata ukurasa huu kila siku.

Mimi ni binti wa miaka ishirini na sita, kwetu Unguja. Huu ni mwaka wangu wa pili hapa Doha, ni karani kwenye kampuni inayopeleka wafanyakazi mahotelini. Napokea fomu zao na kuziingiza kwenye kompyuta. Mama na wadogo zangu wawili wananitegemea mimi, na kibali changu cha kuishi hapa kiko mikononi mwa kampuni hiyohiyo.

Miezi mitatu iliyopita mgahawa mmoja wa The Pearl, mtaa wa kifahari hapa Doha, uliomba wahudumu Walatino, yaani watu wa Amerika ya Kilatini. Meneja akaniambia nitoe majina ya wote wanaozungumza Kihispania. Nilidhani ni kazi ya nusu saa. Kumbe kwenye sehemu ya asili, ambayo mtu hujaza mwenyewe, kila mmoja alikuwa na lake. Kijana wa Peru kaandika Mperu, basi. Nilipompigia akasema hilo neno Latino amekutana nalo ughaibuni, kwao hajawahi kujiita hivyo. Mpishi wa Uhispania akacheka: "Mimi Mhispania. Ukiniandika Mlatino, mama yangu atakupigia simu." Sikushangaa sana. Bibi yangu akiulizwa kabila husema Mshirazi, kaka yake wa tumbo moja husema Mswahili, na wakianza kubishana chai inapoa.

Kwa hao wawili niliacha walivyoandika. Shida ilikuwa Yolanda (si jina lake). Ni mama wa Kolombia, mweusi kama mimi, rika la mama yangu mdogo. Wiki yangu ya kwanza hapa nilipata homa, tukiwa chumba kimoja kwenye mabweni ya wafanyakazi kule Industrial Area, na yeye ndiye aliyenipikia uji na kunibadilishia shuka. Mpaka leo ananiita binti yangu. Wakati huo alikuwa dobi. Kwenye fomu aliandika Afro-Kolombia, yaani Mkolombia mwenye asili ya Afrika.

Meneja alishatuambia kwa mdomo, hakuandika popote, kwamba mwenye neno Afro aende orodha ya Waafrika, yaani dobi, usafi na ulinzi. Nikamwonea huruma. Nikafuta neno lake, nikaandika Latina, yaani Mlatino wa kike. Sikumuuliza. Akapata kazi ya mgahawani, akanikumbatia kwa furaha, nami nikajiona mtu mwema.

Wiki iliyopita wahudumu walipewa beji mpya zenye asili ya kila mmoja. Jana, Alhamisi, akaja ofisini na sare yake nyekundu, akaiweka beji mezani kwangu.

"Binti yangu, nani amenifuta?"

Nikasema huenda ni kompyuta. Akanieleza kwamba kwao walihangaika miaka mingi mpaka karatasi za serikali zikakubali kuandika neno lile, na mama yake alikufa kabla hajahesabiwa hivyo. Anaamini ni meneja. Anataka kumshtaki kwa wakubwa, na kwa kuwa Kiingereza changu ni kizuri, ameniomba nimwandikie barua mimi.

Nikamuuliza, na kama ukirudishwa dobi?

"Nitafua. Lakini nitafua nikiwa mimi."

Hapo nikakosa hata kile kisingizio nilichokuwa nimekishika, kwamba nilimsaidia.

Jumapili asubuhi barua inapelekwa. Wakubwa watafungua kompyuta, na kila badiliko lina jina la aliyelifanya. Lile la kwake lina jina langu. Meneja atakana maneno yake, nami nitaonekana nimeghushi kumbukumbu za mfanyakazi. Naweza kufukuzwa na kurudishwa nyumbani. Fomu yake ya mkono iko kwenye droo yangu, na mashine ya kuchana karatasi iko hatua tatu kutoka kitini. Jana jioni nilisimama mbele ya mashine hiyo na fomu mkononi, nikasoma mwandiko wa Yolanda, nikairudisha drooni.

Nikimwambia ukweli, nitampoteza mtu pekee aliyenilea huku. Nikinyamaza, nitakuwa nimemwandikia kwa mkono wangu barua ya kumtafuta mtu aliyeketi mbele yake. Leo ni Ijumaa, amenitumia ujumbe mara mbili akiuliza kama nimemaliza. Kwenye barua nimeandika salamu tu.

Ndugu zangu, mlioko Ghuba na mlioko nyumbani, msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha. Niambieni, sentensi inayofuata niandike nini?